Aliyegongwa kichwa asirudishwe uwanjani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Jina langu unalo, ila usilichapishe, kwa heshima ya mtu nitakayemzungumzia.

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilitoa picha kubwa ya beki aliyezungushiwa bandeji kichwani, jezi ina damu begani, mkono mmoja juu anashangilia. Chini yake mliandika kwamba aligongana na mwenzake dakika ya 38, akalala chini dakika nzima, akainuka na kumaliza mechi. Mkamwita shujaa. Kijana ninayefanya naye kazi aliikata ile picha aibandike ukutani, nikamkatalia. Sina ugomvi na yule beki wala na mpiga picha wenu. Nimeikataa kwa sababu nyumbani kwa dada yangu hapa Tandika tunaye shujaa wa namna hiyo, na aliyemfanya shujaa ni mimi.

Mimi ni kinyozi, mwaka wa 19 huu. Vichwa vya watu ndiyo riziki yangu. Mteja akikaa kwenye kiti najua kovu lake la jiwe la utotoni liko wapi, najua nani ana bonde kisogoni alilozaliwa nalo. Jumamosi na Jumapili nafunga saluni mapema, nabeba ndoo. Kwa wasioujua mpira wa mchangani, mwenye ndoo ndiye daktari wa timu. Hajasomea. Ndani ya ndoo kuna maji, barafu kwenye mfuko wa nailoni, pamba, bandeji, dawa ya kupuliza na glukosi. Mchezaji akianguka na refa akipunga mkono, unakimbia. Nimekimbia hivyo miaka 12, Mwembe Yanga, Mabatini, Bandari, mpaka Kinesi tulipokwenda kucheza ndondo, yaani mashindano ya mitaani, upande wa pili wa jiji.

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunieleza afanyiwe nini mtu aliyegongwa kichwa. Nilirithi kwa aliyenitangulia: mmwagie maji, mpige vikofi mashavuni, mwonyeshe vidole umuulize ni vingapi. Akijibu, mwinue. Akikawia, mnusishe spiriti. Watu wanapiga makofi, mchezaji anarudi, nawe unarudi benchi ukijiona umefanya kazi.

Mpwa wangu alikuwa winga wa kulia, miaka 21, mbio kama swala. Septemba 2022 tulikuwa robo fainali, zawadi mbuzi wawili na seti ya jezi. Dakika ya sabini hivi akaruka kuwania mpira wa juu na beki wa wapinzani, vichwa vikakutana. Nilikuwa ng'ambo ya uwanja na bado niliusikia ule mlio, kama nazi kavu inapopigwa na mgongo wa panga.

Alianguka chali. Kitu ninachokiona hadi leo nikifumba macho ni mikono yake. Yote miwili ilikuwa imeinuka hewani, imekakamaa, vidole vimekunjika, kama amebeba beseni ambalo sisi wengine hatulioni. Ikakaa hivyo sekunde nne au tano, ikashuka polepole. Sikujua maana yake. Sasa najua kwamba mikono kukakamaa hivyo ni dalili ya ubongo uliotikiswa kwa nguvu, na mtu wa namna hiyo hapewi mtihani wowote, anatolewa. Mimi nilimmwagia maji. Akafumbua macho. Nikamwonyesha vidole vitatu, akasema vitatu. Nikamuuliza, "Upo freshi?" Akajibu, "Freshi, mjomba." Kocha alikuwa anapiga kelele kwenye mstari kwamba mabadiliko yamekwisha. Nikampiga begani, nikamwambia kaza.

Mpira wa kwanza alioupata baada ya hapo aliukimbiza kuelekea goli letu. Uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka, Mhariri. Tukashinda, akabebwa juu juu hadi barabarani. Usiku akatapika mara mbili, mama yake akasema ni chipsi alizokula njiani.

Siku nane baadaye ilikuwa nusu fainali, nami ndiye niliyemwambia kocha kwamba yuko fiti. Safari hii hata hakuanguka. Walikuwa wanagombea mpira wa kurusha, kiwiko kikampata kwenye panja, akatikisa kichwa na kuendelea. Baada ya kama dakika kumi akaja mwenyewe kwenye mstari, akakaa chini kwenye vumbi, akaniambia, "Mjomba, watu wamekuwa wawili wawili." Hajacheza tena.

Kichwa kilimuuma miezi miwili, kikaacha. Laiti yangekuwa maumivu tu, nisingekusumbua.

Kabla ya hapo alikuwa anaendesha bodaboda siku za kazi, na alipopata nafuu akarudi kijiweni. Njia zote za Temeke anazijua. Barabara ikiwa tupu na abiria kanyamaza, anaendesha vizuri tu. Abiria akimsemesha, anafunga breki. Mtu anasema, "Kata kushoto hapo kwenye duka la gesi," naye anasimamisha pikipiki katikati ya barabara, anashusha mguu, anageuka nyuma: "Umesemaje?" Masikio yake hayana shida. Nilipanda naye mwenyewe siku moja kwenda Mtoni kwa Aziz Ali nikashuhudia. Simu ikiita mfukoni, wala haipokei, ule mlio tu, mwendo unapungua bila mwenyewe kujua, na daladala nyuma yetu zinapiga honi. Abiria wakaanza kumkwepa. Wenzake wakampa jina, ambalo ameniomba nisiliandike. Hesabu ya siku ikawa haitimii, tajiri akachukua pikipiki yake.

Nikamleta saluni anisaidie. Kunyoa ni elfu tatu, mteja akitoa elfu kumi anajua arudishe saba. Hesabu haijampotea. Lakini mashine ikiwa inanguruma, redio inasema, na mteja mwingine anaomba taulo, noti zinabaki mkononi mwake. Anasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu anakasirika, kijana ambaye tangu utoto wake sikuwahi kumwona akigombana na mtu. Ikifika saa kumi jioni amechoka kama aliyeshinda anabeba zege.

Na miguu nayo. Mbele ya saluni kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna ubao, na ng'ambo yupo mama ntilie anayetuuzia chai ya tangawizi. Mpwa wangu akivuka kimya kimya na vikombe vinne kwenye sinia, hamwagi hata tone. Ukimuuliza kitu akiwa ubaoni, anasimama kwanza, anakujibu, ndipo anaendelea. Siku moja nilimwita kwa sauti aongeze andazi, naye akajaribu kuitika huku anatembea. Akaingia mtaroni na sinia lote, akapasuka kidevu. Ile alama nainyoa kwa kuizunguka kila Ijumaa ya pili.

Mtaani walisema nyota yake imechukuliwa, kwamba timu tuliyoitoa robo fainali ilimchezea. Dada yangu akampeleka kwa mtaalamu huko Kongowe. Simlaumu, mama anagonga kila mlango. Baadaye tukachangishana, tukampeleka hospitali, akapigwa picha ya CT. Ikatoka safi. Daktari akatuambia kijana hana kitu, ana mawazo, atafutiwe shughuli. Naomba wasomaji wafikirie ile karatasi ilivyotumika. Mgonjwa mwenye karatasi inayosema si mgonjwa huitwa mvivu. Baba yake mkubwa alimwita hivyo msibani, mbele ya watu, kijana akiwa ameshika sahani ya pilau.

Tulikuja kusaidika kwa bahati. Mteja wangu mmoja, mkewe ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, na baada ya kunisikia nikilalamika akasema mlete. Tulimkuta kwenye korido ndefu yenye vigae vyeupe. Akamwambia mpwa wangu atembee hadi mwisho na kurudi, akatembea kama mtu yeyote. Kisha akamwambia, "Sasa tembea tena, lakini unitajie miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma." Akaanza. Desemba, Novemba, Oktoba. Kufika Septemba hatua zikafupika. Agosti miguu ikatanuka, kama ya mtu aliyesimama kwenye pantoni ya Kigamboni siku ya mawimbi. Julai akasimama kabisa. Akaimaliza miezi yote hadi Januari bila kukosea hata mmoja, akiwa amesimama pale pale, halafu akaendelea kutembea.

Yule mama akanigeukia. "Umeona, kaka? Miezi anaijua. Kutembea anajua. Kuvifanya vyote kwa pamoja ndiko kumemshinda."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Breki zote zile barabarani, noti zile mkononi, ule mtaro, vyote nilikuwa nimeviona pale kwenye vigae ndani ya dakika moja.

Alitueleza kwa Kiswahili chepesi, nami nitajaribu kama alivyotueleza. Kitu hiki kinaitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni laini, na ndani ya fuvu umeelea kwenye maji. Kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, ubongo unaendelea na mwendo wake, unajivuta na kujisokota, na zile nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine zinavutwa kupita kiasi. CT inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Nyuzi zilizovutika haizioni, ndiyo maana karatasi yetu ilikuja safi. Pigo la kichwa si lazima lizimishe mtu, na wanaopoteza fahamu hawafiki hata mmoja katika kila kumi. Tena kichwa chenyewe si lazima kiguswe. Ukipigwa kikumbo cha kifua kichwa kikatupwa nyuma, yatosha.

Halafu akaeleza kuhusu zile siku nane, na hapo ndipo nilipoomba maji ya kunywa. Baada ya mtikisiko, seli za ubongo zinahitaji nguvu nyingi kuliko kawaida ili zijirekebishe, na wakati huo huo damu inayoziletea sukari inapungua. Ni kama mtaa wenye umeme mdogo ambao kila nyumba imewasha friji, feni na pasi kwa mkupuo. Hali hiyo huchukua siku kadhaa, hata wiki, na mtu anaweza kujiona mzima ingali inaendelea. Pigo la pili likija katikati ya hapo, hata dogo, linakuta ubongo hauna akiba. Kwa vijana wadogo limewahi kuvimbisha ubongo na kuua. Ni mara chache sana, lakini imetokea.

Nisiwatishe wazazi. Walio wengi hupona, watu wazima ndani ya wiki mbili hivi, watoto hadi mwezi. Mpwa wangu yumo kwenye wale wachache ambao dalili zinakaa. Ila hata kwa wanaoonekana wamepona kuna kitu cha kutazama. Huko Marekani watafiti waliwachukua vijana wa chuo waliowahi kupata mtikisiko, na kwa wastani ilikuwa imepita zaidi ya miaka sita tangu wagongwe. Wakawatembeza na kuwapima hatua, pamoja na wenzao ambao hawajawahi kugongwa. Waliowahi kugongwa walitembea polepole zaidi, na katika kila hatua walikawia kidogo miguu yote miwili ikiwa chini, kama mtu asiyeiamini ardhi. Kwa macho usingewaona. Na imeonekana mara nyingi kwamba mchezaji aliyerudi baada ya mtikisiko yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia goti au kifundo cha mguu katika miezi inayofuata. Makocha wanaoniambia kichwa si mguu, naomba walitafakari hilo.

Ukutani saluni nina picha ya bondia Muhammad Ali. Marehemu baba alikuwa akitusimulia ujio wake hapa Dar es Salaam mwaka 1980, alipotumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Hatukususia, na wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha. Miaka minne baada ya safari ile Ali akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, akiwa na miaka 42, na mwaka 1996 dunia nzima ikauona mkono wake ukitetemeka akiwasha mwenge kule Atlanta. Madaktari hawakubaliani wote kwamba ni ngumi zilizomletea. Lakini kwenye ngumi jambo lenyewe si geni. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia wanaoyumba na kuongea kama walevi bila kunywa, na alilipata hilo kwa watu wa ulingoni waliokuwa wakilijua siku nyingi.

Kwenye mpira tulichelewa. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion na timu ya taifa ya Uingereza, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 tu, akili imemtoka, na mchunguzi wa vifo akaamua kwamba ugonjwa ule ulitokana na kazi yake, yaani kupiga mpira kichwa miaka nenda rudi. Mwaka huo huo huko Pittsburgh, daktari Mnigeria, Bennet Omalu, alichunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, na uharibifu aliouona ndani ukaja kulitikisa taifa lile. Kisha mwaka 2019 watafiti wa Glasgow wakatoa hesabu ya wachezaji 7,676 wa zamani wa Scotland: walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi ya watu wa kawaida wa kufa kwa magonjwa ya ubongo kuoza. Haki isemwe, kwa moyo walikuwa salama kuliko wengine, mpira uliwafaa huko. Walipochambua zaidi wakaona mabeki ndio walioathirika kuliko wote, na makipa, ambao hawapigi kichwa, hali yao haikutofautiana na ya watu wa kawaida.

Ya Scotland ni ya watu waliopiga vichwa miaka mingi, wakaugua uzeeni. Ya mpwa wangu ni mapigo mawili ndani ya siku nane, naye ana miaka ishirini na kitu. Sichanganyi mambo hayo mawili. Yale ya uzeeni siwezi kuyazuia na ndoo yangu. Haya ya siku nane ningeweza.

Kwa hiyo nimebadilisha ninavyofanya kazi. Mchezaji akigongwa kichwa, akibaki chini bila kujisogeza, akikakamaa, akiinuka anayumba, akishika kichwa au akikodoa macho kama hajui alipo, simuulizi vidole. Anatoka. Nikiwa na shaka tu, namuuliza maswali matano ambayo madaktari wa michezo wameyatumia miaka mingi. Tupo uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga mara ya mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Akikosa hata moja, anatoka. Akiyajibu yote lakini macho yake hayajakaa sawa, anatoka vilevile. Namvua kiatu kimoja nakitia kwenye ndoo, maana mchezaji mwenye kiatu kimoja hata kocha hawezi kumrudisha. Usiku halali peke yake nyumbani. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiwa na degedege, mkono ukifa ganzi, shingo ikiuma au akiwa haamki vizuri, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Na pikipiki haendeshi.

Mwaka jana, fainali, niliweka kiatu cha beki wetu wa kati kwenye ndoo dakika ya 81. Tukafungwa moja dakika ya 88, kwa kichwa, pale pale aliposimama yeye. Nilitupiwa chupa ya maji. Walisema nimenunuliwa, na kocha hakunisalimia hadi mfungo ulipoanza. Yule beki alipumzika siku mbili, akaanza kutembea, kisha kukimbia taratibu, kisha kugusa mpira peke yake, kila hatua angalau siku nzima, dalili zikirudi tunarudi nyuma hatua moja. Wiki ya tatu akaruhusiwa kugombea mpira na wenzake. Kumbe hata kumfungia mtu gizani si dawa. Sisi mpwa wetu tulimlaza chumbani mwezi mzima, pazia limeshushwa, kwa mapenzi kabisa, wakati leo wataalamu wanashauri kupumzika siku moja au mbili na kuanza kutembea polepole.

Ninachoomba kwa waandaaji wa ndondo za jiji hili ni kidogo na hakina gharama. Tangu Julai 1, 2024, sheria za mpira za dunia zinaruhusu mashindano yoyote kuweka kwenye kanuni zake badiliko la ziada kwa ajili ya aliyegongwa kichwa, hata kama timu imemaliza mabadiliko yake, na aliyetoka harudi. Liandikeni kwenye karatasi ile ile mnayoandika ada ya kiingilio na zawadi ya mbuzi. Siku ile ya Septemba kocha alipopiga kelele kwamba mabadiliko yamekwisha alikuwa anasema kweli, na ule ukweli ndio uliomrudisha mpwa wangu uwanjani. Na uamuzi wa kumtoa mtu asiachiwe kocha, wala mchezaji mwenyewe. Kumuuliza mwenye ubongo uliotikisika kama yuko sawa ni kukiuliza kipimo kilichoharibika.

Walimu wa michezo mashuleni nao, hasa wanaofundisha timu za wasichana, kwa sababu kwenye mpira huu huu wasichana hupata mtikisiko mara nyingi kuliko wavulana, nao hufundishwa na sisi sisi tuliorithi ndoo.

Na nyinyi wa gazeti: siku nyingine mkipata picha ya mtu aliyefungwa bandeji kichwani bado yuko uwanjani, andikeni nani alimruhusu kurudi.

Mpwa wangu anaendelea na mazoezi aliyopewa. Asubuhi kabla wateja hawajaja anatembea juu ya mstari wa vigae mbele ya saluni, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, huku anataja vituo vya Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala kuja mjini. Mwanzoni alikuwa hapiti Zakhem. Alhamisi iliyopita alitembea, Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani, Kwa Aziz Ali, akafika Uhasibu bila kusimama. Hapo akasimama, akaniuliza Bendera Tatu ni kabla au baada. Nikamwambia asiwe na haraka, aanze tena Rangi Tatu.

Kinyozi,
Tandika, Dar es Salaam